Bunduki ya pompi: inafanya kazi namna gani, na sababu gani «iko tupu» si neno la kuamini

Wengi wetu tumeiona kwanza katika filamu. Mtu anavuta mkono wa mbele wa bunduki, anausukuma tena, «krak-krak», na kila mtu chumbani ananyamaza. Kwa Kifaransa ni «fusil à pompe». Kwetu watu wanasema bunduki ya pompi, ao kwa kifupi tu «kalibre 12», hata kama kalibre 12 zina aina nyingi na si zote ziko na pompi.

Katika majimbo yetu ya mashariki, bunduki ni neno lenye kuleta uchungu, na hatuandike hapa kwa kuisifu. Tunaandika juu wakaaji wengi wanaishi karibu nayo: mlinzi wa depo, mwindaji mwenye kibali, polisi kwenye barabara, jirani mwenye kurithi bunduki ya mzee wake. Na kila mahali duniani ambapo kuna bunduki za namna hii, kuna habari moja yenye kurudia: mtu alisema «haina kitu», kisha ikalia. Ukielewa ginsi hii chombo inaficha kartushi zake, utaelewa namna jambo hilo linatokea.

Namba 12 inatoka wapi?

Watu wengi wanafikiri 12 ni ukubwa wa milimita, ao ni hesabu ya risasi zenye kuingia ndani. Hapana. Ni hesabu ya zamani sana ya Waingereza. Chukua ratili moja ya plombu, karibu gramu 454. Igawanye kwa vipande 12 vyenye kulingana, kisha kila kipande ukifanye kuwa duara kama goroli. Duara lile njo upana wa mtutu wa kalibre 12: karibu milimita 18 na nusu.

Ukigawanya ratili ile kwa vipande 20, kila duara litakuwa dogo zaidi, na mtutu wake utakuwa mwembamba zaidi. Njo maana kalibre 20 ni ndogo kuliko kalibre 12, hata kama namba yake ni kubwa. Wengi wanakosea hapo, na kosa hilo lina hatari yake. Kartushi ya kalibre 20 ikiingizwa ndani ya bunduki ya kalibre 12, inateleza mbele na kukwama ndani ya mtutu. Mwenye bunduki anaangalia nyuma, haoni kitu, anaweka kartushi ya 12, anavuta. Mtutu unapasuka karibu na mkono wake na uso wake. Kwa sababu hiyo viwanda vingi vinatengeneza kartushi za kalibre 20 kwa rangi ya manjano, zisichanganywe na zingine.

Ndani ya kartushi

Bunduki ya vita, kama vile Kalashnikov, inatupa kipande kimoja cha chuma. Ndani ya mtutu wake kuna mifereji yenye kuzunguka, na mifereji ile inaizungusha risasi ili iende mbali na sawasawa. Mtutu wa kalibre 12 kwa kawaida ni laini ndani kama bomba la maji. Haikutengenezwa kwa kupiga mbali. Ilitengenezwa kwa kupiga kitu chenye kuruka ao chenye kukimbia, karibu.

Kartushi yenyewe ni ganda la plastiki ao la karatasi ngumu, na kitako chake ni cha shaba. Katikati ya kitako kuna fataki ndogo. Juu yake kuna baruti, juu ya baruti kuna kizibo, na mbele kabisa kuna chembe za plombu. Kwa ndege, chembe ni ndogo sana na zinapita mia moja, hata mia mbili na zaidi. Kwa nyama kubwa zaidi, chembe ni nene na zinaweza kuwa tisa tu. Hizo ni shevrotini. Kuna pia kartushi yenye kipande kimoja kizito cha plombu.

Filamu zimeleta uongo mwingi hapa. Zinaonyesha mtu anapiga bila kulenga na chumba kizima kinaanguka. Ukweli ni kwamba chembe zinatoka zikiwa pamoja na zinaachana pole pole, sentimita chache kwa kila mita. Kwa mita tano, kidonda kinaweza kuwa na upana wa ngumi tu. Lakini mbele zaidi, chembe zimeachana na hakuna mtu mwenye kuzitawala tena. Zile ndogo zinaweza kufika zaidi ya mita 200, na zile nene mbali zaidi. Mwindaji anaona swala. Chembe haijui kama nyuma ya majani kuna mama mwenye kuvuna mihogo.

Mwendo wa pompi, hatua kwa hatua

Chini ya mtutu kuna bomba jingine, jembamba, lenye kufungwa mbele. Humo kartushi zinapangwa moja nyuma ya nyingine, kama watu katika mstari, na resori inazisukuma kuelekea nyuma. Mara nyingi zinaingia nne ao tano, kwa bunduki zingine hata zaidi. Kuzunguka bomba hilo kuna mkono wa mbao ao plastiki wenye kuteleza. Huo njo pompi.

Nyuma ya mtutu kuna kipande kinene cha chuma chenye kuufunga wakati wa kupiga. Tukiite kizibo. Vyuma vyembamba vinakiunganisha na ule mkono wa mbele.

Bunduki ikishalia, mtu anavuta mkono nyuma. Kwanza kizibo kinafunguka na kuachana na mtutu. Kucha ndogo ya chuma inashika kitako cha ganda lenye kuungua na kulivuta, na ganda linarushwa inje kupitia dirisha la pembeni. Wakati uleule nyundo ya ndani inasukumwa nyuma na kushikwa, tayari kupiga tena. Na kartushi moja inatoka katika bomba na kulala juu ya kijiko chenye kungojea chini.

Kisha mtu anasukuma mkono mbele. Kijiko kinainua kartushi, kizibo kinaisukuma ndani ya mtutu na kufunga. Ile «krak» ya kwanza ni kufungua, ya pili ni kujaza. Akivuta kifyatulio, nyundo inaanguka juu ya msumari mdogo, msumari unapiga fataki, fataki inawasha baruti.

Angalia vizuri: katika mwendo wote huu hakuna kitu chenye kujiendesha. Bunduki za kujijaza zenyewe zinatumia gesi ao nguvu ya mshindo, na kartushi ikiwa dhaifu zinaweza kukwama. Pompi inatumia mkono wa mtu tu. Kartushi ikikataa kulia, mkono unaitupa inje na kuleta nyingine. Urahisi huo, pamoja na bei, njo ulifanya iendelee zaidi ya miaka 100 bila kubadilika sana.

Hatari yake iko wapi? Linganisha na ile kalibre 12 ya zamani yenye kukunjwa katikati. Ile ukiikunja unaona mitutu yote miwili, na macho yako yanakuambia kama kuna kitu. Pompi haikunjwe. Mtu anaweza kutoa kartushi iliyokuwa ndani ya mtutu, akaona mtutu uko wazi, akasema «iko tupu». Lakini bomba la chini bado lina kartushi tatu ao nne. Akisukuma mkono mbele ili kuifunga, yeye mwenyewe ameijaza. Hakuna mtu aliyemdanganya. Alihesabu nafasi moja, na bunduki ina mbili.

Nani aliitengeneza?

Historia ya pompi ni ya Marekani zaidi. Mwaka 1882 Christopher Spencer, mtu aliyejulikana tayari kwa bunduki yake ya wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alipata hati ya uvumbuzi pamoja na Sylvester Roper. Pompi yao njo ya kwanza yenye kuuzwa kwa mafanikio, lakini biashara ya Spencer haikudumu.

Jina kubwa ni John Moses Browning, aliyezaliwa mwaka 1855 katika Ogden, Utah, mtoto wa fundi wa bunduki. Kampuni ya Winchester ilimwomba bunduki ya kalibre kubwa yenye kujazwa kwa mkono wa chini, kama zile za filamu za wachunga ng'ombe. Browning aliwaambia pompi ingekuwa nzuri zaidi, lakini wao walitaka ya mkono wa chini kwa sababu njo iliyowapa jina. Aliwatengenezea hiyo, ikatoka mwaka 1887. Baadaye wakakubali mawazo yake, na mwaka 1893 pompi ya kwanza ya Winchester ikatoka.

Mwenye kununua haki za Spencer, mfanyabiashara Francis Bannerman, aliipeleka Winchester mbele ya tribinali akisema wameiba uvumbuzi. Winchester ilijitetea kwa hati za zamani zaidi zilizopatikana Uingereza na Ufaransa, zenye kuonyesha kwamba wazo la pompi lilikuwa limeandikwa mbele ya Spencer. Bannerman akashindwa.

Kulikuwa tatizo lingine. Baruti mpya isiyo na moshi ilikuwa na nguvu kuliko baruti nyeusi ya zamani, na modeli ya 1893 haikujengwa kwa nguvu ile. Browning akaikaza, na ikatoka modeli ya 1897. Hiyo iliuzwa zaidi ya milioni moja mpaka mwaka 1957. Lakini ilikuwa na tabia moja mbaya: ukishikilia kifyatulio huku unasukuma pompi, inalia palepale inapojifunga. Modeli nyingi za leo zinazuia jambo hilo.

Mwaka 1950 kampuni ya Remington ikaleta modeli 870, yenye vipande rahisi kutengeneza na bei ndogo. Zaidi ya milioni kumi zimetengenezwa. Ni moja ya pompi zenye kuuzwa sana duniani.

Kutoka Utah mpaka Ubelgiji

Hapa historia inakaribia kwetu. Browning alikuwa ametengeneza kalibre 12 yenye kujijaza yenyewe, na alitaka Winchester imlipe sehemu kwa kila bunduki itakayouzwa. Walikataa. Akaenda kwa Remington. Tarehe 8 Januari 1902, akiwa anangojea kuonana na mkubwa wa Remington, Marcellus Hartley, akaambiwa huyo amekufa kwa moyo siku ileile. Basi Browning akavuka bahari na kwenda FN, kiwanda cha Herstal karibu na Liège, Ubelgiji, na huko bunduki yake ikatengenezwa kwa miaka mingi. Browning mwenyewe alifia katika kiwanda hicho, tarehe 26 Novemba 1926.

Jina la FN wazee wetu wanalijua. Kiwanda hicho njo kilitengeneza FAL, bunduki iliyobebwa na wanajeshi wa inchi yetu kwa miaka mingi.

1918: ni silaha ya kuwinda ao ya vita?

Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, askari wa Marekani walileta Ufaransa pompi za modeli 1897, zilizoongezewa kisu mbele na kifuniko cha kuzuia joto la mtutu. Kazi yake ilikuwa ndani ya mahandaki, mahali askari wanakutana uso kwa uso.

Mnamo Septemba 1918 serikali ya Ujerumani ikapeleka malalamiko rasmi. Ilisema bunduki hizo zinavunja mapatano ya La Haye ya mwaka 1907, kifungu cha 23, chenye kukataza silaha zenye kuleta mateso yasiyo ya lazima. Iliongeza kwamba askari wa Marekani atakayeshikwa na bunduki hiyo ao kartushi zake atahukumiwa kifo. Waziri wa mambo ya inje wa Marekani, Robert Lansing, akajibu kwamba silaha hiyo si haramu, na Wajerumani wakiua wafungwa, Marekani italipiza. Vita ikaisha tarehe 11 Novemba bila pande mbili kupatana.

Wengine walicheka malalamiko hayo, juu Ujerumani ile ile ilikuwa imetumia gesi ya sumu na mashini za kutupa moto. Hata hivyo swali lenyewe halikufa: chombo cha mwindaji kinageuka silaha ya vita wakati gani? Chuma ni kilekile. Kinachobadilika ni mtu aliye mbele ya mtutu.

Inchi zingine zimefanya nini?

Marekani yenyewe iliona kwamba mtu mwenye kartushi sita mkononi anaweza kumaliza ndege wa ziwa kwa muda mfupi. Tangu 1935 mwenye kuwinda ndege wenye kuhamahama haruhusiwi kuwa na bunduki yenye kubeba zaidi ya kartushi tatu; ni lazima kuweka kijiti ndani ya bomba ili nafasi ipungue. Na mwaka 1991 chembe za plombu zilikatazwa kabisa kwa kuwinda bata, kwa sababu plombu ni sumu kwa ndege na kwa mwenye kula.

Uingereza, nyuma ya mauaji ya Hungerford mwaka 1987, ilitoa sheria mwaka 1988 yenye kuweka pompi zenye kubeba zaidi ya kartushi mbili katika bomba chini ya kibali kigumu. Australia, nyuma ya mauaji ya Port Arthur mwaka 1996, ilikaza pompi hivyohivyo. Inchi hizo hazikukataza uwindaji. Ziliangalia hesabu ya kartushi na mwendo wa kujaza.

Na kwetu?

Tarehe 2 Julai 1890, karibu wakati ule Browning alikuwa anawaza pompi yake, mataifa yalitia sahihi Brussels mapatano juu ya biashara ya watumwa. Ndani yake walikataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini. Mwafrika aliweza kuuziwa kwa masharti bunduki za mawe ya moto na baruti ya kawaida tu, zile za zamani zenye kujazwa kupitia mdomo. Bunduki za biashara za namna hiyo zilitengenezwa kwa wingi Liège.

Lakini Force Publique ya mfalme Léopold ilibeba bunduki aina ya Albini, zenye kujazwa kupitia nyuma. Katika sehemu za mpira wa pori, wakubwa walidai hesabu ya kila kartushi, na mkono uliokatwa ukawa ushahidi wa kartushi iliyotumika. Mwenye kuuliza sababu gani neno kartushi ni zito katika inchi hii, jibu moja liko hapo.

Leo sheria iko. Sheria ya tarehe 28 Mei 1982 inapanga uwindaji, na ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inapanga mambo ya silaha na risasi. Kwa kifupi: raia hawezi kuwa na bunduki, hata ya kuwinda, bila kibali, na kuwa na bunduki hakumpi mtu haki ya kuwinda. Kibali cha uwindaji ni kingine. Ndani ya mbuga za taifa kama Virunga na Kahuzi-Biega, kuwinda kumekatazwa.

Mambo ya kukumbuka nyumbani

Neno «iko tupu» halina maana mpaka mtu mwenye kujua ameangalia nafasi mbili: ndani ya mtutu na ndani ya bomba la chini. Mpaka hapo, kila bunduki ihesabiwe kuwa imejaa, na mdomo wake usielekezwe kwa mtu, hata kwa mchezo.

Mwenye kibali afungie bunduki mahali pamoja na kartushi mahali pengine. Mtoto anajua mahali pa vitu vyote nyumbani, hata vile baba anafikiri amevificha.

Mtoto akiokota kartushi shambani ao njiani, asiitupe motoni, asiipige jiwe, asiichome msumari kwenye kitako: ile fataki haizeeki kama tunavyofikiri. Aache palepale, akumbuke mahali, aite mtu mkubwa. Mkubwa ajulishe chefu wa kijiji ao polisi.

Na mama mwenye kununua nyama ya pori iliyouawa kihalali aangalie matundu. Chembe za plombu zinavunjikavunjika ndani ya nyama, na vipande vingine ni vidogo kuliko jicho linavyoona. Akate pande zote za kidonda, sehemu ya kutosha, na kuitupa mahali mbwa na kuku hawafiki. Kuchemsha hakuondoi plombu. Watoto na mama wenye mimba njo wa kwanza kuumizwa nayo, pole pole, bila kelele yoyote.